Sahani ya Mzee Dalali

Mzee Dalali hakuwahi kukamata mali ya mtu akiwa na njaa. Nalisema hili kwanza kwa sababu kila mtu wa kwetu angelisema kwanza, kuanzia hapa kituo cha magari hadi kule barabara ya Mbinga inapoanza kuteremka kwenda ziwani. Kanta yake, lori dogo lililochakaa, aliiacha mbali kidogo, karibu na ghala la kahawa, na vibarua wake walibaki humo wakitafuna miwa. Yeye alikuja kwa miguu, koti lake la kijivu limefungwa vifungo vyote hata jua likiwa la utosi, akapiga hodi kama jirani yeyote. Alisubiri shikamoo zake na kuziitikia moja moja bila haraka. Kisha aligeuza uso kuelekea jikoni na kuuliza, "Leo mama zangu wametupikia nini?" Asiyemjua angedhani amekuja kuposa.

Kazi yake ilikuwa hiyo ya jina lake. Halmashauri ikichoka kumdai mfanyabiashara leseni au ushuru wa huduma, deni lilipelekwa kwake, naye akapewa ruhusa ya kukamata mali na kuinadi. Kazi ya halali kabisa. Mtu lazima aifanye, na sisi wenye biashara tunajua tunavyokwepa. Mimi mwenyewe, mwenye mashine ya kusaga, nimewahi kujifanya sipo huku mashine inanguruma na unga umenijaa kwenye nyusi.

Alinawa mpaka kwenye viwiko. Alikula taratibu huku akisifia, na sifa zake hazikuwa za kubahatisha. Kama ni maharage alitaja aina yake na mlima yalikolimwa. Kama ni usipa, wale dagaa wetu, aliuliza umetoka upande gani wa ziwa, na mara nyingi alijibu mwenyewe kabla hujafungua mdomo. Wanaume wa nyumba walikula naye sahani moja, maana huwezi kumwacha mgeni, tena mzee, amege ugali peke yake kama mchawi. Sisi wanawake tulikuwa jikoni na watoto tukimalizia kilichobaki chunguni. Akishiba alishukuru, akasali kwa kifupi, ndipo mkono ukaingia ndani ya koti ukatoka na kipande cha chaki. Alichokitia alama ya msalaba kwa chaki hiyo kilikuwa si chako tena.

"Dawa ya deni kulipa," alisema kwa unyonge, kama vile mgonjwa ni yeye. Na mtu akianza kulalamika, alikuwa na msemo wake mwingine: "Serikali haina uso, wanangu. Leo imeazima wangu." Watu walicheka. Namkumbuka mwenye baa mmoja aliyecheka mpaka akasaidia kubeba friji lake mwenyewe hadi kwenye Kanta, akishika upande mzito.

Nilimpenda. Naomba niseme hivyo wazi kabla sijaendelea, kwa sababu baadaye nitasema mengine na mtu anaweza kudhani nina kinyongo cha zamani. Alikuwa baba mdogo wa marehemu mume wangu. Mume wangu alipofia Songea, ndugu walikuwa bado wanajadiliana nani ana gari na nani ana mafuta, Mzee Dalali akawa ameshaondoka na Kanta ileile. Alimleta mwenzangu nyumbani akiwa amekaa naye nyuma, kwenye baridi, kaweka mkono juu ya sanduku njia nzima. Hakudai hata lita moja. Msiba ulipoisha na wote wametawanyika alirudi, akakagua paa la banda la mashine, akapigilia bati lililolegea, akaniambia, "Mwanangu, usiuze mashine. Mwanamke mwenye mashine hapigi magoti." Watu wengi walinishauri niuze. Yeye peke yake ndiye aliyenishauri nisage.

Na ajabu yake haikuishia hapo. Mtu huyu aliyebeba vitanda na mizani za watu aliogopa deni kuliko nyoka. Ukimkopesha sukari asubuhi, jioni anakuletea, tena kikombe kimejaa zaidi ya ulivyompa. Sokoni hakujua kupatana bei. Aliambiwa bei akatoa, na wauza nyanya walimgombania. Shamba lake la mlimani alililima kwa ngolo, kilimo chetu cha mashimo, kwa mkono wake mwenyewe, yale mashimo yamepangwa sawasawa mpaka wageni wa kilimo walikuwa wanapelekwa kuyapiga picha. Nyumbani kwake viti vilikuwa vibovu. Ukikaa unachomwa na msumari. Sijui nani angeweza kumwita mwizi mtu anayekalia msumari.

Basi ilikuwaje mali alizokamata zikapotea bila kunadiwa?

Hapo lazima nieleze sengu kwa asiyetoka kwetu. Zamani Wamatengo wa ukoo mmoja, wanaume, walikula pamoja kwa babu. Kila mke alipika akapeleka chungu chake, na hapo kwenye chakula ndipo mambo yalipoamuliwa: nani amempiga mkewe, nani amesogeza mpaka, kijana gani mvivu. Siku hizi sengu yenyewe imebaki kwa wachache, lakini ada yake haijafa. Waliokula sahani moja hawapelekani mahakamani, wala hawatoi ushahidi dhidi ya mwenzao. Wakikoseana, neno linarudi kwenye chakula, na linaishia hapo. Ni ada nzuri. Imezima mioto mingi ambayo polisi wangeichochea.

Mzee Dalali aliitoa sengu nyumbani akaitembeza barabarani. Sitaki kusema alikaa akapanga. Huenda mwanzoni alikula kwa sababu alisikia njaa na alipenda watu. Lakini fundi cherehani wa hapa kituoni alipochukuliwa cherehani bila notisi yoyote, na kabla siku zinazotakiwa na sheria hazijapita tukasikia imeuzwa, bila mnada, kwa bei ya kutupa, tena kwa shemeji yake Mzee Dalali kule Lipingo, ziwani, fundi akawaka. Akavaa shati la Jumapili aende Mbinga kushtaki. Wazee walimkamata njiani.

"Hukula naye?"

"Nilikula naye, lakini..."

"Ulikula naye. Lirudi kwenye chakula."

Likarudi. Na nani alikuwa amekaa kwenye mkeka kama mkubwa wa baraza? Yeye mwenyewe. Aliomba radhi vizuri, kwa maneno ambayo yangemtoa nyoka shimoni, akatoa jogoo. Fundi akakubali, wakala. Cherehani ikabaki Lipingo. Ndivyo ilivyokuwa kwa friji, ndivyo ilivyokuwa kwa mizani ya muuza mchele. Vitu vyote viliteremka kwa huyo shemeji, kaka wa mke wake, na huku juu tulibaki na majogoo.

Mimi nilijua yote hayo na nilinyamaza. Nilikuwa nasema moyoni, kwangu hatakuja, mimi ni mkwe wake.

Alikuja siku ya gulio, mwezi ambao mahindi mapya yameshuka na foleni ya kusaga inafika barabarani. Deni nilikuwa nalo, sitadanganya. Mvua zilikuwa mbaya, mota ilikuwa imeungua ikasukwa upya, na leseni nikaiacha nyuma. Lakini nilikwisha kwenda ofisini kwa afisa biashara, tukakubaliana nilipe kidogokidogo, na risiti ninazo. Nikamwambia hivyo. Akatikisa kichwa kwa huruma, akauliza tumepika nini.

Nilimpikia. Ningefanyaje? Ugali na kuku, kwa kuwa ni baba. Alikula nje na shemeji yangu, mdogo wa marehemu, pamoja na wanaume wawili waliokuwa wanasubiri zamu. Nilipotoka kuja kuchukua sahani nikakuta chaki tayari iko mkononi. Mota akaitia msalaba. Mizani, msalaba. Kisha akaingia ndani ya banda na kuanza kuweka alama kwenye madebe na viroba vya wateja, vile ambavyo wanawake huviacha kwenye foleni wakaenda gulioni, kila mmoja kafunga kitambaa chake ili visichanganyike.

"Baba, hayo si yangu. Hayo ni ya watu."

"Kilicho chini ya bati hili ni cha mdaiwa, mwanangu."

Bati alilolipigilia mwenyewe.

Wanawake walirudi mbio kutoka gulioni. Bibi mmoja aliyetembea kutoka Tingi na mahindi kichwani alijilaza juu ya kiroba chake, na kibarua mmoja alikivuta kutoka chini yake huku anageuza uso pembeni. Bibi alitoka damu kwenye kiwiko. Mzee Dalali alimwinua, akampangusa kwa kitambaa chake cha mfukoni, akamwambia pole mama. Halafu akaondoka na kiroba. Hiyo ndiyo picha yake ninayobaki nayo nikikosa usingizi: kitambaa cheupe, na mkono mwingine unaelekeza kiroba kipakiwe.

Bila mota sikuwa na kitu. Watoto wangu wawili walikuwa sekondari, na walikuwa wanasoma kwa unga. Kabla wiki haijaisha nikasikia mota yangu imeteremka ziwani.

Shemeji yangu alikuja kabla sijafunga kitenge cha safari ya mahakamani. "Usije ukatutia aibu," akasema. "Mzee amekula hapa. Mimi nimekula naye. Litarudi kwenye chakula." Na kweli Jumapili baada ya misa wakakaa, kwa babu wa ukoo, mzee kuliko wote, ambaye macho yameshaingia ukungu. Tulipika. Tukapeleka vyungu. Nikaitwa nisimame mlangoni nisikie radhi.

Mzee Dalali aliongea, na aliongea vizuri. Alimtaja marehemu mume wangu mpaka nikalia. Jogoo alikuwa tayari amefungwa miguu pale pembeni. Babu akauliza, "Mwanangu, umesikia. Uliyekula naye amekuomba radhi. Unasemaje?"

Sikuwa nimepanga kusema. Nilikuwa nimekuja nimeshindwa. Lakini mikono yangu ilikuwa inanuka vitunguu, na nikaiangalia.

"Mimi sijawahi kula naye, babu," nikasema. "Nimempikia."

Shemeji akasema ni yaleyale, amekula nyumbani kwako. Nikasema hapana, shemeji, aliyekula ni wewe. Mota ni yako?

Babu aliliweka tonge chini. Kisha akasema polepole, kana kwamba anahesabu maneno, "Huyu hakula. Sisi hatukuwaita wanawake kwenye sahani tangu zamani. Sasa hatuna la kumzuilia."

Nilimtazama Mzee Dalali. Sikuona hasira usoni mwake. Niliona mtu aliyepita njia moja miaka yote na leo amekuta daraja halipo. Hilo ndilo lilikuwa kosa lake. Alijua kila mboga iliyopikwa kati ya Mbinga na ziwa, lakini hakuwahi kujiuliza mpishi anakula wapi.

Nilikwenda mahakamani, na sikwenda peke yangu. Wanawake wa madebe walikwenda, yule bibi wa Tingi akiwa na kiwiko chake. Mke wa mwenye baa akaja. Waume zao walibaki nyumbani, wamefungwa na sahani, wengine wakitutakia heri kwa sauti ya chini. Tulijaza benchi lote la ukumbini. Karani alituuliza sisi wote ni mashahidi wa nini, na bibi akamjibu, "Sisi ndio wapishi."

Hakimu aliuliza maswali mepesi tu. Notisi iko wapi? Mnada ulitangazwa wapi? Kwa nini ulichukua mahindi ya wateja? Mzee Dalali alisimama wima ndani ya koti lake na kila swali lilimkuta mikono mitupu. Mwisho alisema, "Mheshimiwa, hawa ni watu wangu." Hakimu akamwambia hilo halijaulizwa.

Mota ikarudi. Ilirudi na waya zimekatwa, nikaitengeneza. Mahindi ya wanawake hayakurudi, yalikwisha kuliwa. Deni langu nililimaliza mwenyewe kwenye dirisha la halmashauri, kidogokidogo kama tulivyokubaliana. Yeye akafutiwa kazi ya udalali, akauza Kanta, akahamia Lipingo kwa wakwe zake.

Ukiuliza kama nilifurahi, nitakujibu hapana. Nilipata haki yangu na nikapoteza watu. Shemeji hanisalimii isipokuwa kwenye misiba. Baada ya misa wazee wakiniona wanaangalia paa la kanisa kana kwamba linavuja. Wapo wanaoniita yule aliyempeleka mzee mahakamani, na hawakosei, ni mimi. Na mashine ikisimama, kukawa kimya, kuna siku namtamani aje apige hodi. Hasira na mapenzi vinakaa kifuani mwangu kama wake wenza, kila kimoja na zamu yake.

Mke wa fundi cherehani ndiye aliyefuata. Cherehani ile kumbe ilikuwa ya kwake. Aliinunua kwa hela za maharage kabla hajaolewa, ikakamatwa kwa deni la mumewe. Alifungua kesi akidai irudi. Shida yake ilikuwa moja: shemeji wa Mzee Dalali alikana kabisa kuwa nayo, na hakuna wa huku juu aliyewahi kuiona kwake. Mimi niliombwa nitoe ushahidi wa siku ilipochukuliwa, nikakubali.

Kabla ya siku hiyo nikasikia Mzee Dalali anaumwa, miguu imevimba, hatembei. Nikafunga unga nikateremka Lipingo. Watu waliniambia nisiende. Nilikwenda kwa sababu ya Kanta iliyotoka Songea, na sijutii.

Nilimkuta barazani, hana koti. Sikuwahi kumwona bila koti. Ni mtu mwembamba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mashine inasaga?"

"Inasaga."

"Mota haisumbui?"

"Ilisumbua mwanzoni."

Akaitazama miguu yake. Tukaongea habari za kahawa, za mvua, za nani amekufa. Alicheka mara moja, kicheko kilekile. Mke wake, mama wa Kinyasa asiye na maneno mengi, akaleta ugali wa muhogo na samaki mbasa wa mchuzi, akaweka mbele ya mumewe akarudi jikoni. Nikasimama nimfuate kama ilivyo ada.

"Kaa," Mzee Dalali akasema. "Leo kula na mimi."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mkwe wa kike ale sahani moja na baba mkwe! Lakini alikuwa ameshachukua jagi. Aliinama kwa taabu, akanimiminia maji mikononi yeye mwenyewe, taratibu, mpaka kwenye viwiko kama alivyozoea kunawa yeye. Hakuna mwanamume aliyewahi kuninawisha. Machozi yakanitoka.

"Baba," nikasema, "kesi ya mke wa fundi ni Jumatatu. Mimi ni shahidi."

"Najua," akasema. Hakukwepa macho yangu. "Ndiyo maana nakuomba ule leo."

Iliniuma kuliko siku ya chaki, kwa sababu safari hii alisema kweli. Alikuwa mgonjwa aliyetaka mtu wa kula naye, na alikuwa dalali, vyote pamoja, na sidhani kama yeye mwenyewe angeweza kunionyesha mpaka uko wapi. Nilikuwa na njaa. Samaki alinukia. Mikono yangu ilikuwa inadondosha maji juu ya magoti.

"Asante kwa maji, baba," nikasema. Nikainuka nikaenda jikoni.

Mama alinisogezea kigoda, akagawa ugali wake katikati, akaniwekea kichwa cha samaki. Tulikula. Barazani tulimsikia akikohoa.

Tulipokaribia kumaliza mama akasema, "Cherehani iko kwa kaka yangu. Imefunikwa gunia chumba cha nyuma. Naiona kila nikienda."

Nilikuwa naogopa hata kutafuna. Akakomba mchuzi wa mwisho kwa tonge, akalimeza, akanawa. Kisha akaniuliza, bila kushusha sauti, gari la kwenda Mbinga Jumatatu linapita saa ngapi.